Kina, Mizani na Maji Baridi

Kwa muda wa miaka 34 nimewaambia wanafunzi kwamba shairi la kimapokeo halisimami pasipo vina na mizani. Nilikuwa nikiyaandika maneno hayo mawili ubaoni, nikayapigia mstari, kisha nikaanza kuhesabu silabi kwa kugonga rula juu ya meza. Sikupata kujiuliza hata siku moja kwa nini neno linalotaja urari wa sauti mwishoni mwa kipande ni sawa kimatamshi na lile linalotaja umbali wa kwenda chini majini, wala kwa nini hesabu ya silabi imepewa jina la chombo cha dukani cha kupimia sukari. Nimekuja kujiuliza uzeeni, nikiwa na miaka 66, nimebeba mtungi wa chuma mgongoni, ndani ya shimo la mawe lililojaa maji katikati ya Uingereza.

Wasomaji waliozoea kunikuta hapa nikibishana na vijana juu ya mashairi huru wataniwia radhi. Leo naandika habari za mchezo, ingawa nadhani kabla hatujafika mbali mtaona kwamba lugha imetufuata hadi huko.

Baada ya kustaafu mwaka 2018, na baada ya mama watoto wangu kutangulia mbele ya haki miaka miwili baadaye, binti yangu alining'ang'aniza niende kukaa naye Leicester. Ni mji ambao watu wengi wenye asili ya Kihindi kutoka Afrika Mashariki waliufanya makao, hususan baada ya kufukuzwa Uganda mwaka 1972, na hata leo ukienda sokoni unaweza kusikia mzee wa Kigujarati akimtania mwenziwe kwa Kiswahili cha Kampala. Mjukuu wangu wa kwanza, msichana wa miaka 16, alikuwa amejiunga na klabu ya mtaani ya kuzamia kwa mitungi. Kila Jumatano usiku klabu hukodi bwawa la kuogelea, nami ndiye niliyepewa kazi ya kumsindikiza. Nilikaa kwenye benchi la plastiki, taulo na koti lake magotini, miwani yangu imejaa mvuke, nikisahihisha katika simu mashairi ninayoletewa na vijana.

Jumatano ya tano au ya sita mwalimu wa klabu, mama wa makamo ambaye mchana ni fundi bomba, alinijia akaniuliza kama ninajua kuogelea. Nikamjibu kwamba nimezaliwa Tanga. Akalichukua hilo kuwa ndiyo, kumbe halikuwa jibu.

Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa mtunza nguo. Tulipokuwa wadogo, kaka yangu aliyenitangulia kwa miaka sita alikuwa akienda na wenzake Raskazone, na wakati mwingine bandarini. Meli kubwa za Tanga zilikuwa zikitia nanga nje, na katani ilipelekwa kwa matishari. Vijana walijirusha kutoka kwenye tishari wakazama kutafuta sarafu zilizotupwa na mabaharia kwa mchezo. Kaka alikuwa hodari kupita wote. Alikuwa akikaa chini hata mimi niliye juu nikaanza kukosa pumzi kwa niaba yake. Kazi yangu ilikuwa kukaa na lundo la mashati na kaptula lisije likaibwa. Wakanipa jina: Mtunza Nguo. Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Hawakusema lolote juu ya yule anayezishika nguo za wengine. Nilijifunza kuogelea kiasi cha kutokufa, basi.

Mwaka 1984 nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya bweni nje ya mji. Nchi ilikuwa katika dhiki ambayo waliokuwepo hawahitaji kuelezwa: foleni ya sabuni, mgao wa sukari, shati moja la kwenda kazini na kurudi. Kaka, aliyekuwa kuli wa matishari, alikuja kunitembelea shuleni Jumamosi moja. Tulikula ugali na mchicha. Wakati wa kuondoka akavua saa yake ya mkononi akanipa, akanipa na shati lake jeupe la Idi lililokunjwa ndani ya gazeti, akasema nimtunzie. Wiki iliyofuata akazamia meli.

Hapa nawaomba wapenzi wa lugha wasimame nami kidogo. Shina letu ni *zama*, yaani kwenda chini. Tukilitia kiambishi cha kutendea tunapata *zamia*: mtu huzamia nanga iliyokatika kamba, huzamia majongoo ya bahari, huzamia sarafu ya baharia. Hadi hapo kitenzi kina kitu anachokiendea mtendaji. Kisha watu wa bandarini wakalichukua neno hilo hilo wakampa yule anayejificha ndani ya meli asafiri bila tiketi wala pasipoti. Baadaye watu wa mjini nao wakampa yule anayekwenda harusini bila kualikwa. Maana hii ya tatu inachekesha, nami nimeitumia darasani mara nyingi kuonyesha jinsi neno linavyosafiri. Ile ya pili sikuwa nikiitolea mfano.

Nimelitafakari sana. Mzamiaji wa meli haendi majini; yeye hukimbilia chombo kinachoelea. Kwa nini basi akaitwa kwa jina la mtu wa vilindini? Nadhani aliyelibuni neno alikuwa amesimama gatini. Ukiwa gatini, mtu anayeteremka katika tumbo la meli na mtu anayeteremka baharini wanafanya jambo moja: wanatoweka machoni pako, na wewe unaanza kuhesabu. Tofauti ni kwamba kwa mzamia sarafu hesabu haipiti mia.

Mama alilipiga marufuku neno hilo nyumbani. Kwake mwanawe alikuwa "amesafiri". Jirani mmoja aliyethubutu kusema "yule mzamiaji wenu" hakupewa tena chai kwetu. Mwaka 1985 ilifika kadi ya posta kutoka Piraeus, bandari ya Ugiriki, yenye picha ya meli nyeupe na maneno manne: *Nimefika salama. Nitaandika baadaye.* Mwandiko ulikuwa wake. Hakuandika. Mama alifariki mwaka 2009 akiwa bado anaamini kwamba barua imepotelea posta.

Ndiyo maana nilipompigia dada yangu simu Tanga na kumwambia kwa furaha, "Mwenzio huku nimeanza kuzamia," alinyamaza hata nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani huna karatasi, kaka?"

Sasa niwaeleze mahali penyewe. Waingereza ni watu wa kisiwa, lakini Leicester iko mbali na bahari kila upande, na bahari yao hata ukiifikia ina mikondo mikali na maji yaliyovurugika. Klabu za bara hujifunzia basi katika machimbo ya mawe yaliyofurika. Yako ya Capernwray huko Lancashire na ya Vobster Quay huko Somerset; yetu ya jirani ni Stoney Cove, karibu na kijiji cha Stoney Stanton. Hapo palichimbwa itale tangu karne ya 19. Chemchemi za chini ziliwasumbua wachimbaji, ikabidi maji yavutwe kwa pampu muda wote wa kazi. Machimbo yalipofungwa mwaka 1958 pampu zikanyamaza, na maji yakajitwalia shimo lake taratibu. Nami nimezaliwa mwaka huo huo. Sitaki kulifanya hilo kuwa ishara ya jambo lolote, ila nilipoambiwa nilijihisi nimepata hirimu.

Wachimbaji hukata mwamba kwa madaraja, na madaraja hayo sasa ni kama ya shule: la kwanza lipo kiasi cha mita 6, la pili kiasi cha mita 20, na shimo lenyewe hupita mita 30. Mwanafunzi hapandi daraja bali huteremka. Chini huko vimezamishwa makusudi vitu vya kutazama, kwa kuwa ukuta wa mawe matupu humchosha mtu upesi: kipande cha ndege, helikopta, na kubwa kuliko vyote boti la moshi la kuvutia meli liitwalo Stanegarth, lililoundwa mwaka 1910 na kuzamishwa hapo mwaka 2000. Wapo pia samaki. Kuna paiki, samaki mrefu mwenye mdomo bapa kama wa bata na tabia ya kukutazama pasipo kutikisika, kama mkaguzi wa shule aliyekaa nyuma ya darasa.

Kwetu pwani tukisema "maji baridi" tuna maana ya maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa yametoka jikoni sasa hivi. Tukiyaita samaki wa maji baridi hatuzungumzii hali ya hewa. Stoney Cove ni mahali pa kwanza nilipoona maana zote mbili zimekutana bila ugomvi. Siku yangu ya kwanza, mwezi Machi, kipimajoto cha mkononi kilisoma nyuzi 6.

Kuvaa kwenyewe ni kazi ya nusu saa, watu wamesimama nyuma ya magari yao, chai ya chupa pembeni, wakitaniana. Kuna vazi kavu lisiloingiza maji, lililobana shingoni kama kola ya sare ya kwanza ya mtoto wa shule. Kumbe katika maji yale hakuna anayevua nguo; mtu huongeza nguo ndipo ayaoge, na mithali yetu ingehitaji marekebisho. Kuna mapezi ya miguuni. Kuna mtungi wa lita 12 ulioshindiliwa hewa hadi bar 232, na kidhibiti cha kuitoa hewa hiyo kwa kadiri ya pumzi ya mtu, chombo ambacho asili yake ni kazi ya Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943. Kuna kioo cha uso, ambacho wengine wangekiita barakoa, lakini wavuvi wa pweza kwetu hukiita miwani, nami nimebaki na wavuvi. Na kwa sababu vazi lile lina hewa na hewa hutaka juu, kuna mkanda wenye vipande vya madini ya risasi. Niliwahi kumwandikia rafiki yangu wa Muheza, mwalimu mstaafu kama mimi, kwamba Jumapili nilivaa mkanda wa risasi nikaingia machimboni. Alijibu kwa dua ndefu.

Hiyo risasi ndiyo iliyonirudisha kwenye mizani. Ikipungua, unaelea juu kama kifuu. Ikizidi, unakwenda chini na kulitimua tope hadi hakuna anayeona mkono wake. Kwa hiyo kila mmoja hupimwa kabla ya kuteremka, akiongezewa kilo moja, akipunguziwa nusu. Katika bahari ya chumvi angehitaji zaidi, maana maji ya chumvi ni mazito na humbeba mtu. Ukishapimwa sawasawa, kazi yote iliyobaki ni ya mapafu. Ukivuta pumzi unapanda kidogo. Ukiitoa unashuka kidogo. Mwalimu alinining'iniza mbele ya ukuta wa jiwe, akanionyesha mstari mweupe katika mwamba, akataka macho yangu yabaki hapo. Ndipo nikafahamu kwamba mizani inaweza kuwa ya pumzi kabla haijawa ya silabi, na kwamba malenga wa zamani, ambao tungo zao ziliimbwa, walilijua hilo pasipo kuhitaji rula yangu.

Hali hiyo ya kutopanda wala kutoshuka sijaipatia neno. Nimejaribu "kuelea kati", lakini mwenye kuelea kwa Kiswahili huonekana juu. "Kuning'inia" kunahitaji kamba. Kwa sasa nasema "kupata mizani", nami sijaridhika. Kama yupo msomaji wa Mafia, Kilwa au Lamu aliyekaa na wazamiaji wa majongoo akasikia wanavyoisema, naomba anifundishe. Na akikutana na vijana wanaozamia majongoo kwa mitungi bila mafunzo, awaambie jambo moja, kwani wapo waliopooza viungo kwa kutolijua. Aliyezama kwa pumzi yake mwenyewe, kama kaka yangu, huibana pumzi hiyo hadi arudi. Mwenye mtungi haruhusiwi kuibana hata kidogo akiwa anapanda. Kwenye mita 10 hewa hubanwa ikawa nusu ya ujazo wake. Ukipanda, hutanuka tena, na mapafu yaliyofungwa hayana pa kuipeleka. Tena apande polepole, na asikae chini kupita kipimo. Sisi tunafundishwa tusizidi mita 15 kwa dakika, na mita 6 za mwisho zichukue dakika nzima.

Nayajua haya vizuri kwa sababu niliyavunja.

Zoezi linalowashinda wengi ni dogo kwa kulisikia: ukiwa chini, unavua miwani, unaivaa tena ikiwa imejaa maji, unakandamiza ukingo wake wa juu na kutoa hewa kwa pua hadi maji yafukuzwe. Bwawani nilikuwa nimelifanya mara nne. Machimboni, kwenye mita 6, maji ya nyuzi 6 yaliponipiga machoni na puani, kifua kilijifunga chenyewe. Sikuwaza kufa. Niliona giza tu, na katika giza lile nikahisi nimo ndani ya tumbo la meli, mlango umefungwa kwa juu, na hakuna anayejua kwamba nimo. Nikapiga mapezi kwenda juu huku nimeibana pumzi, jambo lile lile nililokwisha kulijibu kwa usahihi katika mtihani wa karatasi.

Mwalimu alinikamata mkanda wa bega. Alinivuta hadi uso wake ukakaribia wangu, akanigonga kifuani kwa ngumi, si kwa hasira, hata nikaiachia hewa. Tukapanda pamoja, pole pole, mimi nikiwa kipofu. Juu hakusema neno. Aliushika mkono wangu akauweka juu ya jiwe, akangoja.

Garini mjukuu wangu alinimiminia chai. "Babu, si lazima," akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Leicester. Nikamwambia najua.

Nilikaa siku kadhaa na aibu ambayo sikuitarajia. Nilimkumbuka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, miaka ya tisini, aliyekuwa akigugumia kila nilipomsimamisha kusoma shairi. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Huelewi kwa sababu husikilizi." Sasa litazameni neno hilo. *Elea* ni kukaa juu ya maji. *Elea* ni pia kuwa wazi akilini, kama tusemavyo jambo hili linanielea. Ukilieleza, unalifanya lielee. Aliyeelewa ndiye lililomwelea. Nimetumia kitenzi hicho labda mara elfu kwa mwaka, mmeelewa, hamjaelewa, nani hajaelewa, na sikumbuki hata mara moja kumfikiria asiyeelewa kuwa ni mtu aliye chini ya maji. Kijana yule alikuwa akisikiliza vizuri sana. Alikuwa amekosa hewa. Aliacha shule mwaka uliofuata, kwa sababu za ada, walisema.

Dawa yangu niliipata kwenye sinki la jikoni. Kila alfajiri baada ya sala nilijaza maji ya bomba na barafu, nikaingiza uso mzima, nikatoa hewa kwa pua. Mara ya kwanza nilidumu kama mtu aliyechomwa sindano. Nikaona kwamba kinachonishinda ni kutojua hewa itoke kwa muda gani, basi nikaipimia kipande kimoja cha mizani nane: *Ewe maji nenda zako*. Si utungo wa kujivunia, na wenye jicho watauona ufukara wake, lakini ukiutamka moyoni kwa utulivu huku pua inafanya kazi, hewa haiishi kabla ya silabi ya nane na wala haibaki. Binti yangu aliingia jikoni siku moja akanikuta nimeinama hivyo. Alisimama, akachukua kikombe chake, akatoka.

Mwezi Aprili nilirudi kwenye daraja la kwanza. Nilivua miwani, nikaivaa, nikasema mstari wangu. Kufikia *nenda* maji yalikuwa yamekwisha toka na nikamwona mwalimu mbele yangu ameunganisha kidole gumba na cha shahada, ishara ya kwamba mambo ni mema. Nami, kwa furaha, nikamwonyesha dole gumba juu. Akashika mkanda wangu tukaanza kupanda, kwa kuwa katika lugha ile dole gumba juu halimaanishi "vizuri"; lina maana ya "twende juu", na halibishaniwi. Ni lugha yenye sarufi fupi sana. Haina njeo. Huwezi kusema kwa mikono kwamba jana uliogopa.

Mwishoni mwa Mei tuliteremka hadi Stanegarth, mwalimu, mjukuu wangu na mimi. Maji yalikuwa yamepata rangi ya kijani juu, na kwenye kama mita 10 tulivuka tabaka ambapo ubaridi ulianza ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa jokofu. Halafu boti likajitokeza, kwanza kivuli, kisha omo, kisha ubavu mzima uliofunikwa na utando wa tope. Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu, nikakuta ni chombo kidogo kuliko nilivyodhani. Wanafunzi wa daraja letu hawaruhusiwi kuingia ndani ya kitu chochote, wala sikutaka. Niliinama kwenye uwazi wa sitaha nikawasha tochi.

Palikuwa na tope, na samaki mdogo wa mistari aliyeisogea nuru kisha akaiacha. Nilimulika pembe moja baada ya nyingine. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Mjukuu wangu anasema ni dakika tatu. Aliniguse begani, akanionyesha duara la vidole, akiuliza. Nilimjibu kwa kutikisa kiganja, ishara ya mashaka. Akanikaribia, akaushika mkono wangu wa kushoto, akausoma mshale wa hewa yangu: bar 110. Akauliza tena. Mara hii nikampa duara.

Tulipanda. Kwenye mita 6 tulisimama dakika 3 kama ilivyo kanuni, watatu tumepata mizani, hakuna aliyepanda wala aliyeshuka, mapovu yetu tu ndiyo yaliyotangulia.

Kila mzamiaji huwa na daftari lake la kuandika alikokwenda, kina, muda na hali ya maji, na mwenza wake hutia sahihi. La kwangu naliandika kwa Kiswahili, jambo linalowafurahisha wenzangu wa klabu ijapokuwa hawaelewi hata neno. Siku ile vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nikampa mjukuu kalamu anisaidie. Akaandika kwa herufi kubwa za mtoto aliyejifunza lugha kwa masikio: *Babu amezamia. Mita 19. Dakika 31. Amerudi.*

Mkono wa mwalimu ndani yangu ulitaka kuandika pembeni, kwa wino mwekundu, "amepiga mbizi". Sikuandika. Nilimwambia atie sahihi, nikaupiga picha ukurasa ule na kumtumia dada Tanga bila maelezo.

Jibu lake lilinikuta tukiwa barabarani kurudi. Aliandika: "Alhamdulillahi. Saa ya kaka bado unayo?"

Nikamjibu kwamba ninayo. Si ya majini ile. Nikienda machimboni huiacha garini, ndani ya mfuko wa shati langu, na nguo zangu nyingine juu yake.